Mtamba wa Picha ya Bibi Nambike

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, mjini Same walikuwako wapiga picha wawili, Elinami na Kalunde, na muuza kamera mmoja, Msangi.

Elinami aliingia dukani kutafuta lenzi. Msangi akamwambia, "Kaka, ubora haubembelezi bei. Rahisi ni ghali." Elinami akauza ng'ombe wawili wa mama yake bila kumuuliza, akanunua lenzi nene kama kinu cha kahawa.

Kesho yake akaingia Kalunde na vijisenti vya vitunguu. Msangi, kwa mdomo uleule, akamwambia, "Dada, bei kubwa ni mbwembwe. Anayepiga picha ni jicho, lenzi ni kioo tu." Akamuuzia lenzi kuukuu yenye ukungu. Aliifuta kwa shati mbele yake, ukungu ukabaki palepale, maana ulikuwa ndani.

Basi Mzee Mndeme, mfugaji, akawa anaoza binti yake. Akawaita wapiga picha wote wawili. "Mama yangu, Bibi Nambike, ana miaka tisini na sina picha yake hata moja. Atakayeniletea picha ya kutundika sebuleni, nitampa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado."

Siku ya harusi Elinami alitaja bei ya lenzi yake kabla hajatoa shikamoo. Akamkalisha Bibi kitini. "Bibi, usitikisike. Bibi, usipumue." Bibi akakaa kama mtu aliyenyweshwa mwarobaini. Picha ikatoka kali ajabu, hata vinyweleo vya kidevu ungevihesabu.

Mara matarumbeta yakalia, vumbi likatimka. Elinami akairudisha lenzi mkobani. "Vumbi hili litaniua!"

Msangi, aliyefuata pilau bila kualikwa, akamshika Bibi mkono. "Bibi, mbona mguu wako unacheza peke yake? Inuka tuufuate!" Bibi akatupa fimbo, akacheza, akacheka kwa ufizi mtupu. Tangu amzike mumewe hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Watu wakalia machozi.

Kalunde akajitosa vumbini, akalala kifudifudi, akapiga. Lakini lenzi ni ile ile ya ukungu. Kicheko kilionekana, mwenye kicheko akawa kama uji.

Siku ya nne baada ya harusi Bibi Nambike alifariki usingizini.

Watatu wale wakafika matangani, pole mdomoni, mtamba moyoni.

Elinami akasema, "Mtamba ni wangu. Kwenye picha yangu kila mtu anamtambua Bibi. Ya huyu dada inaweza kuwa ya bibi yeyote wa Upareni."

Kalunde akasema, "Wewe ulipiga kiti kilichokaliwa na mtu. Bibi alipokuwa Bibi, lenzi yako ilikuwa imelala mkobani kama mgonjwa. Mtamba ni wangu."

Msangi akakohoa. "Na aliyemwinua ni nani? Na lenzi zote mbili zilitoka kwa nani? Mtamba ni wangu."

"Wewe!" Elinami akamkemea. "Ulimrusharusha kikongwe, leo tuko msibani!"

"Amekufa akicheka," Msangi akajibu. "Wewe ulimkataza hata kupumua."

"Na mimi uliniuzia ukungu," Kalunde akasema.

"Ulitaka bei ya ukungu, dada."

Mzee Mndeme aliziweka picha mbili magotini. Akaitazama ile kali, akasema, "Huyu ni mama, lakini mama hakuwa hivi." Akaitazama ile ya ukungu, machozi yakimtoka. "Mama alikuwa hivi, lakini sioni kama ni yeye." Akainuka, akamfungua mtamba zizini, akasimama naye uani, hajui ageukie wapi.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kamba ya mtamba nimeiweka mikononi mwenu. Je, mngemkabidhi nani?