Daraja la Kwanza la Mzee Mbarouk

Mzee Mbarouk, tajiri wa karafuu, alimwagiza mkewe Zuwena amtafutie tikiti ya daraja la kwanza kwenda Maskati, ili azidishe maili za kadi yake ya ndege, ambazo zikijaa humpa msafiri tikiti ya bure.

"Nami nikamwone mjukuu wetu mchanga huko?" aliuliza Zuwena.

"Gharama hiyo siiwezi. Wewe nitafutie iliyo rahisi kuliko zote."

Zuwena akaipata kwa nusu ya bei. Mzee akalipa akichekelea.

Ndege ilipokaribia kuruka, Zuwena akaja kuketi kando yake.

"Umefikaje humu?"

"Iliyo rahisi kuliko zote ilikuwa ya ofa, ya mume na mke pamoja," alijibu akifunga mkanda.

"Na maili?"

"Zako zimo kwenye kadi yako, zangu kwenye yangu. Mtoto akiota meno, nitakwenda tena."