Bi Pimbi na Rauta Iliyofungwa Kamba

Haya, mko?

— Tupo!

Masikio yako?

— Yako wazi!

Na simu mmezima?

Mbona kimya? Nimeuliza, simu mmezima?

— Tumezima!

Waongo wakubwa nyie. Wewe wa nyuma huko, mfuko wako unawaka taa, naiona. Haya, basi. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nyumba ndefu ya kupanga, vyumba huku, vyumba huku, ukumbi katikati. Pakawa na wapangaji wenye mikia na wasio na mikia. Chumba cha mbele alikaa Kiboko. Chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa mawe, mkia hana, lakini maneno anayo.

Wapangaji wote walichanga, wakaweka intaneti. Fundi akaleta rauta, kile kiboksi chenye antena na vitaa vya kijani, kinachorusha waifai nyumba nzima. Akauliza, "Niiweke wapi?" Kabla mtu hajafungua mdomo, Kiboko huyo, dii! dii! dii! Akaikwapua.

"Kwangu! Mimi ndiye mwenye nguvu, mimi ndiye nitakayeilinda. Na kiingiacho kwangu hakitoki!"

Nani ambishie? Wewe hapo ungembishia? Hebu acha hizo.

Kiboko akaitia rauta kwenye sanduku la bati, waya zake zikachungulia pembeni, akafunga kufuli, akalisukuma sanduku uvunguni. Mbele ya kitanda akaweka tangi lake la maji, maana Kiboko bila maji hapati raha. Chubwi! Akaingia, akawasha televisheni, akatazama mieleka. Asubuhi mieleka. Mchana mieleka. Na simu mkononi inapakua mieleka mingine ya kesho.

Na wengine? Wengine waliachiwa zungu, zungu, zungu. Kile kiduara cha kwenye kioo kinachozunguka wala hakifiki. Mnakijua, msijifanye.

Bi Pimbi alikuwa na kompyuta ya mezani, nzito, ya zamani, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa na binti pia, Mwajabu, aliyeolewa ng'ambo ya milima. Huko Mwajabu akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Sasa tulieni, maana hapa ndipo penye roho ya hadithi. Kwenye ukoo wa kina pimbi, jina la mtoto wa kwanza hutamkwa na bibi mzaa mama, mara tatu, siku ya arobaini, kabla jua halijazama, mtoto mwenyewe akisikia. Bibi asipotamka, jina linatoka upande wa baba. Na mama mkwe wa Mwajabu alishasema: mtoto ataitwa Taabu, jina la shangazi yao.

"Taabu!" Bi Pimbi aliruka. "Mjukuu wangu aitwe Taabu, na mimi nipo hai?"

Yeye jina alikuwa nalo moyoni. Sikudhani. Ndilo jina la mama yake mzazi, aliyemlea juu ya mawe wakati wa ukame, akatafuna majani makavu ili mwanawe apate mabichi. Alitaka jina hilo lirudi duniani.

Siku ya arobaini ikafika. Mchana Bi Pimbi akapiga simu ya video, kujaribu tu. Mwajabu akatokea, paji la uso peke yake. Akaganda. "Ma... ma... una..." Kimya. Zungu, zungu, zungu.

Bi Pimbi akazima kompyuta, akaiwasha. Zungu. Akaigonga ubavuni. Zungu. Akavuta meza mpaka mlangoni. Paji la uso likashuka, yakaonekana macho, kisha zungu tena. Bi Pimbi akasema, "Alaa! Nikisogea mbele kuna nafuu."

Akaazima simu ya Mama Kanga wa chumba cha pili, akatembea nayo ukumbini akitazama vile vijistari vya mtandao. Kwake kilikuwa kimoja. Katikati ya ukumbi, kimoja na nusu. Mlangoni kwa Kiboko, viwili. Akachungulia kwenye tundu la ufunguo, akaona tangi la maji, akaona sanduku la bati, akaona waya zimetokeza.

"Kumbe mtandao hauna ugonjwa," akajisemea. "Umetiwa jela ya bati, na bahari imewekwa mlangoni."

Machozi yakamlenga, maana jua lilishaanza kuteremka. Akayafuta kwa ncha ya kanga yake, akabisha.

"Hodi, mkubwa!"

"Hodi ya nini? Kiingiacho kwangu hakitoki!"

"Sawa, mkubwa. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Rauta. Nasikia ina homa. Kwani mieleka yako haikwami?"

Kiboko akaitupia jicho televisheni. Kweli, tangu jana jitu moja lilikuwa limeinua jitu lingine, na mpaka sasa halijaliangusha. Chubwi! Akatoka majini, akafungua kufuli, akaishika rauta.

"Uwii! Inachoma!"

"Pole, mkubwa. Joto lote hili, ndani ya bati, hata mimi ningeumwa. Itoe ipate upepo. Iweke ukumbini, katikati, juu kabisa, wapitao wote waseme: ile pale mali ya Kiboko."

Lo! Hilo likamwingia. Kiboko akapigilia msumari, akavuta waya zake, akaitundika rauta juu, akarudi nyuma kuitazama kwa tabasamu. Mara tabasamu likakatika.

"Wataiiba!"

"Sawa, mkubwa. Basi tuifunge kamba. Mbuzi wa thamani si hufungwa kwenye kigingi?" Bi Pimbi akatoa waya mrefu wa bluu, ule wa intaneti, uliosahauliwa na fundi. "Kamba hii hapa. Inabaki kigingi tu, kitu kizito."

"Simu yangu?"

"Nyepesi, mkubwa. Mwizi ataitia mfukoni."

"Televisheni yangu?"

"Nyembamba, mkubwa. Mwizi ataitia kwapani."

Kiboko akajikuna. "Sasa humu ndani kizito ni nini?"

Bi Pimbi akainamisha kichwa, eti anaona haya. "Labda lile likompyuta langu. Lakini mie sitaki lawama, mkubwa."

"Hebu nilione!" Dii! dii! dii! Kiboko akaliinua kidogo, akaguna. "Mmh! Jiwe la kusagia hili! Hiki ndicho kigingi!"

Akachomeka waya mwenyewe, jamani, mimi sikuwepo lakini naapa. Ncha moja kwenye rauta, ka! Ncha nyingine kwenye kompyuta ya Bi Pimbi, ka! Akavuta kuhakikisha.

"Imeshika!"

"Imeshika, mkubwa. Bado mlinzi."

"Mlinzi ni mimi!"

"Ila mlinzi anayetazama mieleka, sijui..."

"Nazima!" Akazima televisheni, akazima simu, akaketi ukumbini chini ya rauta na rungu mapajani.

Bi Pimbi akarudi chumbani, akarudishia mlango polepole, akapiga simu. Hakukuwa na zungu hata moja. Sura ya Mwajabu ikatokea yote, paji, macho, mashavu, na mtoto kifuani, hata nywele za masikioni zinaonekana. Pembeni amesimama mama mkwe, mdomo uko tayari, na dirishani kwao jua limebaki kipande.

Bi Pimbi, mnyama wa maneno, akakishika kioo kwa mikono miwili. Akalia.

"Mama, usilie, jua linazama," akasema Mwajabu. "Mtaje."

"Sikudhani," akasema Bi Pimbi. "Sikudhani."

Dii! dii! dii! Mlango, bwaa! Kiboko huyo, kaujaza mlango wote, waya kauzungusha mkononi.

"Wewe Bi Pimbi! Kigingi gani kinaongea? Umenichezea! Nang'oa!"

Bi Pimbi akatafuta ujanja, ujanja umekwisha. Kazi yote ya mchana, na bado jina moja. Akaunganisha mikono. "Mkubwa, nakuomba. Neno moja tu. Halafu ng'oa."

Mkono wa Kiboko ukainuka. Ndipo mtoto kwenye kioo akafumbua macho, akaliona lile jitu mlangoni, akacheka. Kwi! kwi! kwi!

"Mama," Mwajabu akauliza, "huyo babu ni nani?"

Kiboko akageuka nyuma kumtafuta babu. Hakukuwa na mtu. Akatazama kioo tena, mtoto bado anamchekea yeye. Mkono ukashuka wenyewe.

"Sikudhani!" akamaliza Bi Pimbi. Vigelegele vikapigwa kule ng'ambo, na mama mkwe naye akapiga, angefanyaje?

Kiboko akakaa sakafuni, sakafu ikalalamika.

"Mtandao wote huu ulikuwa wangu," akasema. "Sijapiga simu hata moja. Ningempigia nani?"

Nyie mnacheka. Mimi hapo huwa sicheki.

"Nipigie mimi, mkubwa," akasema Bi Pimbi. "Tupo ukumbi mmoja."

Basi rauta ikabaki juu, nyumba nzima ikapata. Na Kiboko akapiga. Kila jioni, kutoka chumba cha mbele mpaka chumba cha mwisho, anamsimulia Bi Pimbi mieleka: nani kamwinua nani, nani kamwangusha nani, nani alistahili kushinda. Mwanzoni Bi Pimbi alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa moyo wake ni mwema. Siku hizi mieleka ikifika katikati, waya umeshika imara, picha safi, sauti safi, yeye hukisogelea kipaza sauti.

"Halo? Halo? Mkubwa? Unakata-kata... mtandao mbaya..." Anakata.

"Pole, Bi Pimbi!" Kiboko hujibu peke yake. Kisha dii, dii, dii, anakwenda ukumbini kuipangusa rauta vumbi.

Sasa funzo. Lazima liwepo funzo, la sivyo mtasema nimewapotezea muda. Funzo ni hili: mali ya wote ifichwe sandukuni, sanduku lifungwe kufuli, na kila mtu akae kwake na maji yake. Mkiitoa nje, mtaanza kuitana babu na mjukuu, na hapo usumbufu wake hauishi.

Hadithi imefika kwenye ncha ya waya. Aliyeipenda aende nayo kwake, asiyeipenda aizime, kisha aiwashe tena.