Swali Halifungwi na Aliyelijibu

Kaeni, ndugu zangu. Kaeni vizuri, maana leo nawapeleka bungeni. Naona wengine mmeshakunja nyuso, mnasema mchungaji naye ameingia siasa. Sijaingia. Nyumba ninayowapeleka haiko katika nchi yoyote mnayoijua, na wabunge wake hawana majina. Ukimwona humo mtu unayemfahamu, nyamaza nalo hilo mpaka tumalize.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mama mmoja, mbunge wa jimbo la mbali, kule ambako ardhi ni nyeupe kwa magadi. Watu wake walikuwa na kisima kimoja kirefu. Kilichimbwa kwa sherehe, utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa. Maji yakatoka, tena mengi. Lakini watoto waliokua wakiyanywa maji yale waliota meno ya rangi ya udongo. Kisha miguu ikaanza kupinda. Mnajua matege? Si yale ya mtoto mchanga ambayo bibi anamkanda yakaisha. Haya yalizidi kila mwaka, mpaka mtoto wa kwenda shule anatembea akiyumba.

Basi yule mama akaenda bungeni akauliza. Alisimama, sauti ikimtetemeka kidogo, maana ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza: "Mheshimiwa Spika, ni lini Serikali itawapatia wananchi wangu maji salama?"

Waziri wa Maji akasimama, suti imenyooka, miwani puani. Akasema, "Mheshimiwa Spika, kisima kimechimbwa na maji yanatoka. Kuhusu usalama wake, Serikali inalifanyia kazi suala hilo."

Wabunge wakagonga meza. Pwa, pwa, pwa! Nyumba ile ilikuwa na meza za mbao nzuri, na ninyi mngeziona mngezihurumia. Wabunge waligonga meza waziri akisema ndiyo, wakagonga akisema subirini, wakagonga hata akisema asichokijua.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Nyumba ile ilikuwa na kanuni ya zamani. Waziri akishasimama, akasema neno, akaketi, swali limejibiwa. Na swali lililojibiwa haliulizwi tena mpaka Bunge livunjwe na lingine lichaguliwe. Haikuwa na maana alisema nini. Alisimama? Alisimama. Aliketi? Aliketi. Basi, limekwisha.

Mama alipoinuka kuuliza tena kwenye kikao kilichofuata, Spika akamwambia kwa upole, "Mheshimiwa, swali hilo lilishajibiwa. Naomba uketi." Akaketi. Angefanya nini?

Akarudi jimboni. Siku ya gulio, akiwa anasalimia watu, akafuatwa na mwanamke mmoja kijana, amemshika mtoto mkono.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Lile swali letu la maji, ulituulizia?"

"Niliwaulizia."

"Wakajibu?"

"Walijibu, mwanangu."

Yule mwanamke akamtazama mtoto wake, akamsogeza mbele ili miguu ionekane. Hakufoka. Akasema, "Huyu alizaliwa miguu imenyooka, mheshimiwa. Kama wamejibu, mbona sisi hatujajibiwa?"

Ndugu zangu, jiwekeni mahali pa yule mbunge. Angemwambia nini? Kwamba kanuni inasema umejibiwa? Alibaki pale gulioni, watu wanampita na vikapu vyao, naye anaitazama ile miguu. Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuyafuta.

Aliporudi bungeni hakuuliza tena habari za maji. Alijua atakalishwa. Akaleta hoja ya kubadili kanuni. Alitaka neno moja tu: kwamba swali lisifungwe na aliyelijibu, lifungwe na aliyeliuliza. Waziri akishajibu, Spika amgeukie muulizaji na kusema, "Mheshimiwa, umejibiwa?" Naye asiseme nimejibiwa mpaka amerudi kwa wale waliomtuma, akaona kwa macho yake. Asiporidhika, swali libaki wazi, na kila kikao kinapofunguliwa lisomwe tena mbele ya wote.

Palichafuka! Mbunge mmoja wa siku nyingi, mzee wa heshima, akasimama. "Mheshimiwa Spika, nyumba hii ina desturi zake. Tulizikuta, tutaziacha. Tukianza kuulizana nani ameridhika, kazi za Serikali zitakwama. Hatutamaliza shughuli hata moja!"

Wakagonga meza. Pwa, pwa, pwa!

Yule mama akasubiri kelele ziishe. Halafu akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kila mmoja wetu akumbuke swali lake moja. Lile lililojibiwa humu ndani, na kule kwake bado linauma. Kama kuna mbunge asiyekuwa nalo, agonge meza."

Ndugu zangu, mikono ilikuwa imeshainuka. Mnajua mazoea. Ikabaki hewani. Mmoja alikumbuka barabara yake. Mwingine alikumbuka zahanati yenye milango na kufuli, isiyo na mganga. Yule mzee wa heshima naye alikuwa na daraja lake, lililojibiwa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Mkono mmoja ukashuka mapajani, na wa pili, na wa tatu, wala meza haikusikika.

Spika akahoji wanaoafiki. Ndiyo zile zilikuwa za chini chini, lakini zilikuwa nyingi. Kanuni ikabadilika.

Hebu niulize. Bunge linaisimamia Serikali kwa kitu gani? Kwa sauti kubwa? Kwa kufoka mbele ya kamera? Nyumba ile ilikuwa na mabingwa wa kufoka, na visima vilibaki vilevile. Waziri hakuwahi kuogopa kelele. Alichokiogopa ni swali lisilokwenda nyumbani, analilaza leo na kesho analikuta limekaa mlangoni. Lakini kwanza ilibidi nyumba yenyewe ikubali kwamba mlango aliokuwa akitorokea waziri, yaani ile kanuni ya zamani, ilikuwa imeutengeneza yenyewe. Hilo ndilo gumu. Kumnyooshea mwenzako kidole ni kazi ya dakika moja. Kubadili desturi inayokupa raha wewe mwenyewe, hapo watu hutafuta visingizio.

Basi swali la maji likabaki wazi. Kila kikao likasomwa. Waziri alijibu, mama akasema, "Sijajibiwa." Akajibu tena kwa maneno marefu zaidi. "Sijajibiwa." Mwishowe waziri akachoka kulisikia, akapanda gari, akaenda kuona. Aliona miguu. Aliporudi hakusema tena kwamba Serikali inalifanyia kazi. Bomba lilianza kushuka kutoka chemchemi ya mlimani, kule kwenye maji matamu.

Siku maji yalipofika, mama alirudi jimboni, akamtafuta yule mwanamke. Akamuuliza, "Mwanangu, nikawaambie umejibiwa?"

Yule mwanamke akakinga kikombe bombani, akamnywesha mtoto mdogo aliyekuwa mgongoni. Yule mkubwa alikuwa amesimama pembeni na matege yake. Akasema, "Kawaambie huyu wa mgongoni amejibiwa. Huyu mwingine, miguu yake haitanyooka tena."

Mbunge akayabeba maneno hayo kama yalivyo, akayasema bungeni. Hakuna aliyegonga meza.

Mnadhani mfano umeisha, mama ameshinda, twende nyumbani. Haujaisha.

Miaka ikapita. Jina la mama likavuma nchi nzima, na mkuu wa Serikali akamteua. Akawa waziri. Waziri wa nini? Wa Maji! Akahama kutoka viti vya nyuma, akaketi mbele, kwenye viti laini. Akapewa gari la bendera, na watu wa kumwandikia majibu.

Siku moja akasimama mbunge kijana kutoka upande mwingine wa nchi. "Mheshimiwa Spika, pampu yetu imekufa. Wananchi wangu wanachota bwawani, wanachangia na ng'ombe. Watoto wanaharisha, na wengine tumeshawazika. Ni lini Serikali itatutengenezea pampu?"

Mama akainuka. Akashika karatasi aliyoandikiwa. Akasoma, sauti haitetemeki tena: "Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua changamoto hiyo, na inaifanyia kazi."

Wakagonga meza. Ndiyo, walikuwa wamerudia, mazoea yana taabu. Na yule mama, ndugu zangu, akasikia raha. Sauti ile ilimwingia vizuri. Akaketi, akarekebisha mtandio wake begani.

Spika akamgeukia kijana. "Mheshimiwa, umejibiwa?"

"Sijajibiwa, Mheshimiwa Spika."

Mama akaruka. Aliruka! "Mwongozo wa Spika! Mheshimiwa Spika, mbunge huyu nimemjibu kwa heshima zote. Kanuni hii inatumika vibaya, inadhalilisha mawaziri na kuchelewesha kazi za Serikali. Naomba nyumba iitazame upya, ikibidi iifute."

Waswahili wanasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Spika hakukasirika. Alivua miwani, akamtazama. Akasema, "Mheshimiwa Waziri, nikumbushe. Kanuni hii aliileta nani?"

Nyumba nzima ikamgeukia. Mama alikuwa amesimama, ile karatasi mkononi. Sijui aliona nini pale. Mimi nadhani aliona ile miguu. Akaikunja karatasi, akaiweka mezani, na sauti yake ikaanza kutetemeka kama siku ya kwanza.

Akasema, "Mheshimiwa Spika, pampu ile siijui. Bwawa lile sijaliona. Nilichosoma nimeandikiwa. Mheshimiwa mbunge hajajibiwa, na swali libaki wazi mpaka nifike."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli tangu aketi kwenye kiti laini. Na safari hii nayo hakuna aliyegonga meza.

Ndugu zangu, kwa nini nawapa mfano huu? Mama yule alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana namtumia. Ningewapa mwizi mngesema haya si yetu, sisi si wezi. Kanuni ile haikuwekwa kwa ajili ya watu wabaya peke yao. Iliwekwa kwa ajili ya watu wema siku watakapoketi pazuri wakaanza kusahau. Alidhani anaitunga kwa ajili ya wengine, kumbe alikuwa anajitungia mwenyewe.

Nimewaona mkitikisa vichwa, mnawaza wabunge wenu. Mnasema, ah, leo mchungaji amewapata! Subirini kwanza. Sisi tunagonga meza gani?

Sisi tuna Amina.

Mimi nilisimama hapa nikatangaza: dada yetu mmoja mjane, yule aliyekuwa akiketi benchi la tatu karibu na dirisha, upepo umeezua bati za nyumba yake, tumwombee na tumsaidie. Tukaomba. Na maombi yalikuwa mazuri, mlilia wengine. Nikasema, Bwana msitiri dada yetu. Mkaitikia Amina! Amina ya kutikisa kuta. Halafu tukaimba, tukatoka, tukaenda kula.

Swali limejibiwa. Tulisimama? Tulisimama. Tuliketi? Tuliketi.

Tazameni benchi la tatu. Tazameni, msione aibu. Mvua zimeanza. Ameketi nani pale?

Mzee mmoja wa baraza la kanisa nilimuuliza juzi, habari ya bati za yule mama ikoje? Akaniambia, "Mchungaji, suala hilo liko kwenye mchakato." Mnacheka! Chekeni, lakini mjue yeye yupo hapa, na anacheka nanyi. Wala simlaumu yeye peke yake. Sisi sote tulifunga swali ambalo si letu kulifunga. Tumezoea kwamba tukishaitikia, Mungu ameshatusikia, na mwenye shida naye amesikia. Mungu husikia Amina, sikatai. Lakini bati hazisikii.

Tunataka bunge lenye kuwauliza wakubwa, na ni haki yetu, tusiiache. Tulidai, tena kwa nguvu. Lakini hapa ndani nani anatuuliza sisi? Desturi yetu hii ya kuitikia na kutawanyika, nani ataleta hoja ibadilishwe? Naileta mimi leo, na wala sitahoji wanaoafiki.

Naona midomo inataka kufunguka. Hapana. Leo msiseme Amina. Nawakatazeni.

Tukitoka hapa hatuendi makwetu. Tunashuka njia ya kisimani, sote, na nguo zetu hizi za ibada, mpaka nyumbani kwa dada yetu. Mwenye ngazi aichukue. Mwenye bati zilizobaki alizozificha nyuma ya nyumba, anajijua. Nitabisha hodi mimi. Nitamuuliza, "Dada, umejibiwa?"

Akisema nimejibiwa, Amina tutaisema pale, mlangoni pake.

Akisema bado, basi ibada yetu haijaisha. Inukeni, twende.