Jina Moja kwenye Lango la Rachar

Sogeeni karibu, maana kisa hiki hakitaki wasikilizaji tu, kinataka mahakimu.

Katika kaunti moja iliyokumbatia ziwa waliishi watu watatu. Awuor, binti wa ofisi ya ramani, alijaliwa macho: akitazama bonde, alijua mto ulipita wapi kabla babu zake hawajazaliwa. Mchuuzi mmoja wa omena alijaliwa masikio: neno likiingia humo halikutoka tena. Aliolewa hapo kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwa miaka arobaini aliitwa Nyar Uyoma tu, yaani binti wa Uyoma. Wa tatu, mwashi Osewe, alijaliwa mikono. Alijengea nusu ya tarafa nyumba, lakini hakupata mtoto, na alijua kwamba siku atakayozikwa, jina lake litafukiwa naye.

Juu ya kilima cha Rachar palikuwa na ohinga, boma la mawe la watu wa kale, limebomoka hata mbuzi waliliruka. Barabara mpya ikahitaji kokoto, nao wanakijiji wakakataa mawe yale yasagwe.

"Hilo ni rundo tu," wakasema wakubwa wa barabara. "Kama ni boma, tuonyesheni kwa siku saba: mahali pake katika kumbukumbu, jina la mwenyewe, na lango lililosimama. Kimoja kikikosekana, tunasaga."

Awuor akafungua karatasi ya zamani. Ilisema boma liko hatua elfu mbili kutoka majini. Akapima, akapata mia nane. Ofisini wakamcheka: "Basi ni kilima kingine!" Awuor akapanda mtumbwi. Mbali na ufuo akaona visiki vya mikuyu vimesimama majini, akaelewa. "Kilima hakikuhama," akawaambia. "Ziwa ndilo lililopanda." Akapima upya kwa kamba kuanzia visikini, na hesabu ya karatasi ikatimia.

Jina likatafutwa kwa wazee wa kilimani, na kila mmoja akataja babu yake mwenyewe. Nyar Uyoma akaangua kicheko. "Nyinyi mliobaki mmelisahau, sisi tuliohama tunalo!" Akaimba wimbo wanaobembelezea watoto kwao: tulitoka Rachar kwa Odindo, penye malango mawili, la ng'ombe latazama jua, la watu latazama maji. "Haya mwashi, chimba upande wa maji."

Osewe akachimba, akaikuta misingi ya lango pale pale wimbo uliposema. "Tia simiti, mzee, siku zinaisha!" vijana wakamhimiza. "Nikitia simiti nitakuwa nimejenga choo," akajibu. Wa kale walipanga mawe makavu kwa safu tatu: ya nje, ya ndani, na ya kati inayozishika zote mbili. Osewe akaligeuzageuza kila jiwe mpaka likamkubali jirani yake. Lango akalifanya fupi kama zamani, ili mgeni aingie ameinama.

Siku ya saba mkubwa wa barabara akaja na tingatinga. Akakagua vipimo, akasikiliza wimbo, akaingia langoni bila kuinama vya kutosha. Kichwa kikagonga jiwe.

"Pole, mkubwa," akasema Nyar Uyoma. "Hapo ndipo adui alipokuwa akingojewa na rungu."

Hata yeye akacheka. Akatia sahihi, na barabara ikapindishwa.

Kamati ya kijiji ikaamua kuweka jina la mwokozi juu ya lango. Moja tu, kwa kuwa desturi ya hapo ni lango kubeba jina moja, kama vile boma lisivyo na wenyewe watatu. Watu wakagawanyika.

"Bila Awuor tungeambiwa ni kilima kingine!"

"Na bila wimbo, mwashi angechimba wapi?"

"Wimbo na karatasi vilimgonga nani kichwa?"

Kamati ikachoka. "Osewe ndiye atakayechonga," ikasema, "na tutakubali atakachochonga."

Osewe akaketi mbele ya jiwe. Alilitaka jina lake liwe pale, wala hakujidanganya. Akamgeukia Nyar Uyoma. "Shemeji, nikichonga lako, nichonge lipi?"

Mama yule akatazama ng'ambo ya maji. "Adero," akasema. "Sijalisikia tangu nilipovuka maji."

"Na wewe, mwanangu?"

"Ramani nimechora nyingi, mzee," akasema Awuor. "Hakuna hata moja yenye jina langu. Usiniruke kwa sababu mimi ni kijana."

Osewe akashika patasi, akaiweka juu ya jiwe, akaiondoa.

Nanyi mliosikiliza, msinitazame mimi. Patasi ingekuwa mkononi mwako, ungechonga jina la nani?