Makucha ya Makiwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na msitu!

Basi sogeeni karibu, na leo msicheke ovyo, maana ngano hii ina kilio ndani yake.

Hapo zamani za kale, katika msitu mmoja mnene, waliishi Wabembea. Walikuwa nusu watu, nusu sokwe. Walisema kama sisi, lakini mikono yao iliwafika magotini, na maisha yao yote yalikuwa juu, tawi hadi tawi.

Palipokuwa na mwanya mpana kati ya mti na mti, mkubwa alitangulia kuruka. Mtoto aliyebaki nyuma aliita, "Nipokee!" Mkubwa akanyoosha mkono, akajibu, "Nimekupokea!" Ndipo mtoto akaruka.

Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja, fundi hodari, jina lake Makiwa. Alikuwa na watoto wawili. Chui akapanda mti, akamla mmoja. Akabaki binti mmoja tu, Chausiku, na Makiwa akaapa, "Huyu haliwi!"

Akatengeneza silaha ya kwanza, mkuki mrefu. Vijana wakaubeba, wakamfuata Chui. Wapi! Mkuki ulikwama huku, ukakwama kule, na kijana mmoja akabaki ananing'inia kwenye mkuki wake mwenyewe kama nguo iliyoanikwa. Chui akaenda zake.

Akatengeneza silaha ya pili, upinde. Vijana wakajining'iniza kwa miguu, kichwa chini, wakavuta uzi. Mishale ikaenda kusikojulikana, na mmoja wao akaporomoka mpaka kwenye matope. Chui akawatazama, akasema, "Enyi Wabembea, mkono mmoja wa upinde, mkono mmoja wa uzi. Wa kujishikia mtautoa wapi?"

Maneno yale yalimchoma Makiwa. Akawaza na kuwazua, mwisho akasema, "Kumbe silaha isishikwe mkononi. Silaha iwe ndiyo mkono."

Akamtuma Tumbili amletee pembe za nyati aliyejifia bondeni. Akazichonga, akazinoa juu ya jiwe, zikawa makucha marefu yaliyopinda. Akayafunga kwenye vidole vyake kwa kamba ya magome, fundo juu ya fundo, yasije yakachomoka akibembea. Sasa aliweza kung'ang'ania tawi na kupigana kwa mkono uleule.

Chui alipokuja, alipasuliwa pua, akakimbia akilia. Msitu mzima ukapiga vigelegele! Kila mkubwa akataka makucha, na Makiwa akawatengenezea wote.

Wakayapenda kupita kiasi. Wakala nayo, wakalala nayo. Zamu za ulinzi wakaziacha, wakisema, "Mlinzi wa nini, na makucha tunayo?" Wakaacha hata kutafutana chawa jioni, kama ilivyokuwa desturi yao.

Chausiku akamwendea mama yake, akamlalia mapajani. "Mama, nitafute chawa."

"Leo siwezi, mwanangu. Nitakukwaruza."

"Basi yavue kidogo tu."

"Nikiyavua, Chui akija je?"

Kesho yake akaomba tena, akajibiwa vilevile. Siku ya tatu mtoto hakuomba.

Asubuhi moja Chui akapanda kimyakimya. Mlinzi hakuwepo. Watu walishtuka yuko katikati yao, na katika msongamano ule hakuna aliyethubutu kurusha makucha, asije akampasua mwenzake. Kila mtu akakimbia njia yake.

Makiwa akatangulia, akaruka mwanya wa korongo, akageuka. Chausiku alikuwa amesimama kwenye ncha ya tawi, na Chui yuko nyuma yake.

"Mama, nipokee!"

"Nimekupokea! Ruka!"

Chausiku akaruka. Makiwa akanyoosha mkono. Mtoto akauona mkono ule ukimjia, mweusi, umejaa ncha. Akaogopa. Akaurudisha wake kifuani, kidogo tu.

Kidogo hicho kilitosha.

Makiwa akayang'ata mafundo kwa meno. Akafungua la kwanza, la pili, la tatu. Lakini chini korongoni palikuwa pamekwisha kuwa kimya.

Chui akachungulia, kisha akamtazama yule mama. Hakumcheka. Akasema, "Wa kwanza nilimla mimi. Huyu sikumgusa." Akashuka, akaenda zake.

Matanga yalipokwisha, wazee wakaja kwa Makiwa. "Pole sana, mama. Lakini Chui bado yupo. Tutengenezee silaha ya nne, iliyo bora kuliko zote."

Makiwa alimshika mkono mzee wa mbele, akaanza kumfungua mafundo huku machozi yakimtiririka. Akamaliza huyo, akamshika wa pili. Aliwafungua wote, mmoja mmoja, hata aliyekataa akakubali.

Tangu siku hiyo Wabembea wakarudisha zamu zao za ulinzi. Na Mbembea akikutana na mwenzake, kwanza humwonyesha viganja vitupu, ndipo humsalimu.

Wanangu, funzo lake ni hili. Ukijifanya wa kutisha ili adui akuogope, angalia asije akakuogopa yule uliyetaka kumlinda. Makiwa alilijua hilo akiwa amechelewa, na ninyi nimewaambia mapema.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe akawasimulie wenzake, na aliyeumia moyo aniachie mimi maumivu yake, alale salama.