Koti la Rashad

Wahenga walituonya kwamba anayetudhuru aghalabu yuko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Nagwa, mke wa Rashad, alikuwa na hakika kwamba mbaya wake anakaa ghorofa ya juu, na jina lake ni Mama Wagdi.

Shuruq, bintiye wa pekee, alikuwa na miaka minne. Tangu Ramadhani iishe alikuwa akishika tumbo na kulia, chakula hataki, uso umempauka. Kisha akaanza kusahau maneno aliyokuwa akiyajua. Siku aliposhindwa kumwita paka wake, Simsim, Nagwa alijifungia jikoni akalia.

Je, si Mama Wagdi aliyezisifu nywele za mtoto bila kutamka mashaallah? Na si yeye anayekung'uta mazulia kila asubuhi juu ya nguo za wenzake?

"Mama Wagdi, unatumwagia nini?" Nagwa alimuuliza kutoka roshani yake.

"Vumbi la Kairo, bibie. Ukitaka hewa safi, hamia Aleksandria."

"Huyu ana lake jambo," Nagwa akamwambia mumewe.

Rashad alikuwa akiyeyusha betri kuukuu za magari katika karakana ya mtaa wa pili, na kila jioni alirudi kijivu kuanzia nyusi hadi viatu. Mama yake alishikilia kwamba jasho la halali hufukuza kijicho, kwa hiyo koti la kazi la Rashad halikufuliwa ovyo. Nagwa alimfunika nalo Shuruq kila alipolala, na mtoto alizoea kusinzia akinyonya ncha ya mkono wa koti. Kadiri alivyozidi kuugua, ndivyo mama alivyozidi kumfunika.

Hatimaye Nagwa akafagia vumbi la mazulia lililoangukia roshani yake, akalitia kwenye chupa, akamzungushia mtoto koti na kumpeleka kwa Daktari Maysa.

"Lipime hili, daktari. Utaniambia mwenyewe kama si uchawi."

Daktari alitoa damu ya mtoto. Kisha akalikung'uta koti juu ya karatasi nyeupe, na karatasi ikageuka kijivu.

"Na hili?"

"La baba yake. Hilo halina neno."

"Tutalipima pia."

Baada ya wiki moja majibu yakatoka.

"Vumbi la jirani yako lina risasi kidogo, yale madini yaliyomo kwenye betri," alisema daktari. "La koti lina mara sitini zaidi, na sumu hiyohiyo imo katika damu ya mtoto. Hushambulia tumbo, hushambulia na ubongo."

Nagwa alijipiga kifua. "Daktari, mimi ndiye niliyemfunika."

"Dawa atapata. Ila maneno yaliyopotea, siwezi kukuahidi kwamba yatarudi yote."

Tangu siku hiyo Rashad alioga na kubadili nguo karakanani. Jioni moja Mama Wagdi alishuka na bakuli la supu ya dengu.

"Mimi na wewe hatusalimiani," alisema, "lakini mtoto hajanikosea."

Nagwa aliinama kwa aibu. "Nilikudhania mchawi, dada yangu."

"Najua. Jengo zima linajua. Lete kijiko."

Shuruq alikunywa kidogo. Paka akapita mlangoni. Mtoto akamnyooshea kidole, akafungua kinywa, jina lisitoke, kisha akakifunga. Nagwa, aliyekuwa amemtafuta adui ghorofa ya juu, alimkumbatia mwanawe akalia kwa majuto. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.