Mbegu za Bi Pimbi Zilizopotea Njiani

Hapo zamani za kale, siku zile wanyama walipojenga nyumba, wakapika na kugombana na majirani kama sisi, mimi nilikuwepo. Msinicheke! Nilikuwepo kwa macho yangu haya mawili, nimejibanza nyuma ya kichuguu, na kila neno nililisikia. Shule niliishia darasa la nne, nakubali, lakini macho hayahitaji cheti. Basi kaeni vizuri niwaambie.

Bi Pimbi, yule mnyama wa majabali, mdogo kama paka aliyekosa mkia, alikuwa amehama. Moto wa kiangazi uliunguza makazi yake ya zamani ng'ambo ya mto, akawachukua wanawe wawili, akaenda kuanza upya kwenye kilima cha upande wa pili. Kabla hajaondoka alipita kwa Mzee Tembo.

Tembo alikuwa na kazi yake moja kubwa, jina lake Pelekambele. Ukihama, unakwenda kumwambia unakohamia. Mzigo wako ukija kwenye nyumba ya zamani, yeye anaupokea na kuusogeza mpaka ukufikie huko uliko. Tembo anampa Kiboko. Kiboko anavusha mto, anampa Ngiri. Ngiri anapandisha kilimani.

Na ilikuwepo desturi. Anayetoa husema, "Shika!" Anayepokea hujibu, "Nimeshika!" Likishatamkwa neno hilo, aliyetoa keshatua, anaondoka zake akipiga mluzi.

Siku moja Njiwa akatua jabalini, pu!

"Hodi, Bi Pimbi! Dada yako anakusalimu. Anauliza, hizo mbegu za mtama zimekufikia salama?"

"Mbegu gani, mwenzangu?"

"Kha! Kikapu kizima alituma, siku kumi zimepita. Mbona unanitumbulia macho?"

Bi Pimbi aliangalia juu, akaona mawingu yameanza kujikusanya nyuma ya kilima. Siku tano, sita hivi, mvua ingeshuka. Shamba lake lilikuwa tupu, na ghalani zilibaki konzi mbili za njugu. Asipopanda na mvua za kwanza, wanawe wangekula nini msimu mzima? Mawe?

Akajifunga kanga kiunoni, mbio kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, Bi Pimbi. Una haraka gani mpaka unahema hivyo?"

"Kikapu changu, mzee wangu. Kilifika hapa?"

Tembo akakuna shavu kwa mkonga. "Kilifika. Nikamwambia Kiboko, 'Shika!' Akajibu, 'Nimeshika!' Kwangu kiliishia hapo."

"Lakini hakijanifikia."

"Mimi huwa sibebi, mama. Mimi nasimamia tu. Muulize aliyebeba."

Haya, mbio mtoni. Kiboko alikuwa majini, yamebaki masikio na tundu za pua.

"Bwana Kiboko! Kikapu changu!"

Blub, blub, blub. "Kikapu chako nilikivusha kikavu kabisa, hakikupata hata tone. Nikakipeleka mpaka mlangoni kwa Ngiri. Nikasema, 'Shika!' Akajibu, 'Nimeshika!' Usinisumbue, jua kali."

"Ulimwona akikishika?"

"Nimwone wa nini? Si amesema?" Na mara akazama, blub, mazungumzo yakaisha.

Bi Pimbi akapandisha mpaka kwa Ngiri. Ngiri huishi shimoni, na kila mtu anajua anavyoingia: matako mbele, uso nyuma, ili pembe zake zilinde mlango.

"Hodi, Bwana Ngiri!"

"Nani huyo anayepiga kelele watu tumelala?" Sauti ilitoka chini, nzito kwa usingizi.

"Ni mimi, Pimbi. Kiboko anasema alikukabidhi kikapu changu, ukajibu umeshika."

"Kama nilijibu, basi nilijibu. Ila humu ndani sina kikapu. Ingia utazame mwenyewe, kama utaenea na huo mdomo wako."

"Kiko wapi sasa?"

"Muulize Kiboko! Yeye ndiye aliyekuja nacho."

Bi Pimbi akakaa chini ya mti wa miba, akashika tama. Mzigo umepotea, na hakuna aliyeupoteza! Tembo ameutoa, Kiboko ameutoa, Ngiri hana. Huwezi kumwita yeyote kati yao mwongo. Angekuwepo mwongo mmoja, kazi ingekuwa rahisi, angemkamata tu. Lakini hawa kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kweli, amekilalia kama kuku na yai. Unawadai vipi watu wa namna hiyo?

Angali hapo akiwaza, ardhi ikatetemeka. Gugugugu! Ngiri akachomoka shimoni kwa kishindo, mkia juu kama bendera, vumbi tupu! Ndivyo anavyotoka siku zote, kwa kuogopa kwamba Simba anamvizia nje. Mlangoni palikuwa na kibuyu chake mwenyewe cha maji. Ngiri akakipiga teke, paa! Kibuyu kikabingirika mpaka mtoni, tumbwi! Na Ngiri mbele kwa mbele, wala hakugeuka.

Bi Pimbi akainuka polepole.

Akafuata njia ya kibuyu mpaka ukingoni. Pale kwenye matete, kimekwama, kimepondeka ubavu mmoja, palikuwa na kikapu cha ukindu. Fundo la kamba lilikuwa la dada yake, hakuna mwingine anayefunga hivyo. Ndani, patupu. Pembeni ndege wadogo waliruka kwa shida kwa matumbo yaliyojaa.

Sasa alielewa yote. Kiboko alifika Ngiri amelala. Akaweka kikapu mlangoni, akaita, "Shika!" Ngiri, usingizini huko, akaitikia, "Nimeshika!" Neno likapita, mzigo ukabaki katikati. Kisha Ngiri akachomoka, gugugugu, paa!

Akarudi na kikapu kwa Ngiri.

"Vikapu vya ukindu viko vingi," Ngiri akasema, huku akijifuta vumbi.

Akamwonyesha Kiboko. "Mimi nilipoondoka kilikuwa kizima," Kiboko akasema, akazama.

Akamwendea Tembo. "Pole sana, mama. Lakini mimi huwa sibebi."

Jioni ile Bi Pimbi aliwapa wanawe konzi moja ya njugu, yeye akanywa maji. Mdogo akauliza, "Mama, kesho kuna nini?" Akamjibu, "Kesho kuna kesho." Halafu akatoa kibuyu cha asali kilichokuwa kimefichwa kwenye ufa wa jabali, asali ya mwisho ndani ya nyumba, aliyowawekea wanawe kwa ajili ya kifua. Alikishika muda mrefu. Akiipoteza hii nayo, basi. Hata hivyo akakitia kwapani.

Kesho yake ilikuwa siku ya baraza la Tembo kando ya mto, siku ambayo wanyama wote huja kuulizia mizigo. Bi Pimbi akaingia kwa vigelegele!

"Lulululululu! Jamani, nimekuja kutoa shukrani! Nina asali hapa, asali ya nyuki wadogo, na nataka kumpa yule aliyekibeba kikapu changu. Hamjambo lakini?"

"Hatujambo!" Baraza zima likanusa hewa. Hata mimi kule kichuguuni mate yalinijaa.

Kiboko alitoka majini kabla hajamaliza. "Mimi! Mimi ndiye! Nilikibeba mgongoni, nikakiweka mbele ya mlango wa Ngiri kwa mkono huu, na kilikuwa salama."

"Ulikiweka chini, mbele ya mlango?"

"Ndiyo, mama. Na nilikiweka vizuri!"

"Lamba, Bwana Kiboko." Kiboko akalamba, nyam.

Ngiri akasukuma watu. "Kiboko atajisifuje peke yake? Mzigo nilipokea mimi! Niliitikia 'Nimeshika!' kwa sauti, nikiwa nimelala chini kabisa ya shimo. Nani kati yenu angeweza kuitikia usingizini? Hiyo ndiyo kazi!"

"Uliitikia ukiwa umelala?"

"Fofofo!" Ngiri akajipiga kifua.

"Lamba, Bwana Ngiri." Nyam, nyam.

Bi Pimbi akaangalia ndani ya kibuyu, akaguna. "Basi hawa ndio wenye kazi. Mzee Tembo najua yeye huwa habebi..."

"Ebo!" Tembo akasimama, majani yakapukutika. "Nisibebe vipi? Pelekambele ni ya nani? Kiboko amevusha kwa neno langu. Ngiri ameitikia kwa desturi yangu. Mzigo ukiingia humu ni wangu tangu mwanzo mpaka mwisho! Wote hapa mashahidi!"

"Mashahidi!" baraza likaitika.

"Lamba, mzee wangu." Mkonga ukaingia kibuyuni, fyooo! Asali kwisha.

Bi Pimbi akakipindua kibuyu, akakitazama kilivyo kitupu. Kisha, bila vigelegele tena, akaweka katikati ya baraza kile kikapu kilichopondeka.

"Mzigo wenyewe ndio huu. Nimeuokota kwenye matete. Ndani palikuwa na mbegu za wanangu."

Nzi akapita, zzz.

"Bwana Kiboko, umesema mwenyewe uliweka chini bila kuona mkono wa kupokea. Bwana Ngiri, umesema mwenyewe uliitikia kitu usichokiona, kisha ukatoka ukakipiga teke, nenda katazame kibuyu chako cha maji kiliko. Na wewe, mzee wangu, umesema ni wako tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi sijamsingizia mtu."

"We mama umetutega!" Kiboko akafoka.

"Nimewatega," Bi Pimbi akakubali. "Nilipouliza kwa kweli, kila mmoja alinisukumia mwenzake. Ningefanya nini? Asali ya wanangu mmelamba wote. Sasa na nyuki ni wenu."

Baraza likaangua kicheko! Kobe, ambaye huwa hacheki mpaka kesho yake, akacheka palepale. Ngiri akaangalia miguu yake. Kiboko akavimba mashavu. Tembo alijaribu, "Lakini kwa desturi yetu, neno likishasemwa..." Swala mmoja akadakia, "Asali ya mtoto iko mkongani mwako, mzee!" Tembo masikio yakamlegea.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, ndogo sana kwa mwili ule, "Mama huyu hakukosea popote. Alituambia anakohamia, akatuamini. Mbegu zitatoka ghalani kwangu."

"Na mimi nitazivusha," Kiboko akasema. Akakohoa. "Na unisamehe, Bi Pimbi. Ningesubiri kidogo tu pale mlangoni, haya yasingetokea."

"Na mimi?" Ngiri akauliza kwa unyonge.

"Wewe una pua nzuri ya kulimia," Bi Pimbi akamjibu.

Kwa siku mbili Ngiri alilima kilimani kwa pua, fukufuku, fukufuku. Kiboko alileta mbegu, akasema, "Shika!" Bi Pimbi akaupakata mzigo kwanza, akafungua, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, ndipo akajibu, "Nimeshika." Wakapanda yeye na wanawe hadi mstari wa mwisho. Tone la kwanza likamdondokea puani, to! Mwanawe mdogo akauliza kama mtama utaota leo. Bi Pimbi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Njiwa alipotua.

Na tangu siku ile, kwenye Pelekambele, asiyeuona mzigo haruhusiwi kuitikia.

Wanangu, anayetaka sifa za kubeba mzigo akubali na lawama za kuupoteza.

Hayo yote ni kweli tupu, nimeyaona. Isipokuwa moja, maana sipendi kuwadanganya: Kiboko hakuomba msamaha. Alileta mbegu, akazitua, akaondoka bila neno jingine. Lile neno la kuomba msamaha nimelitia mimi, kwa sababu nilimtazama Bi Pimbi amesimama pale na mzigo wake, bado anasubiri kulisikia.